Mtu wa Keya

Kwetu Uluguru ukoo hufuata mama, na mjomba ni mtu mkubwa. Lakini bibi yangu wa Kinole hakueleza mjomba wake alipigania upande gani. Alisema tu kwamba alikuwa mtu wa Keya, yaani K.A.R., King's African Rifles. Vita vilipita milimani kwetu mwaka 1916. Mwaka uliofuata kikosi cha sita cha Keya kikaundwa upya kwa askari waliokuwa wa Wajerumani, maadui wa jana! Basi utii uliosifiwa kambini ulikuwa kwa nani? Mwaka 1961 Keya wa Tanganyika wakaitwa Tanganyika Rifles; Januari 1964 wakaasi, wakidai mishahara na maafisa Waafrika. Jeshi likavunjwa, Septemba likaundwa Jeshi la Wananchi, jina lisilotaja bunduki wala mfalme.