Saa ya kioo na hesabu ya masaa yetu

Mtu akiombwa kuandika juu ya mila za Walikale, anafikiri kwanza ngoma, ndoa, tohara, ao hadithi za Mwindo. Mimi nimeomba nafasi niandike juu ya saa, tena saa ya kisasa, ile ya kioo yenye namba zinazowaka. Kazi yangu ni kutengeneza telefone sokoni. Siku ambazo wateja ni wachache, nachora nyuso za saa, yaani ile sura mtu anayoiona akigusa telefone yake ao saa ya mkono: namna namba zinavyokaa, ukubwa wake, rangi yake, na maneno yaliyo karibu nazo. Wengine watasema hiyo si mila. Ngoja kwanza nieleze.

Hapa kwetu masaa yanahesabiwa tangu jua kutoka. Mtu anayesema Kifaransa akisema saa saba ya asubuhi, sisi tunasema saa moja. Na moja yake ya mchana, kwetu ni saa saba. Hesabu hii ni ya Waswahili wote, toka Goma na Bukavu mpaka Mombasa na Unguja. Saa za mishale zilipofika, wazee wetu hawakubadilisha saa, wala hawakubadilisha hesabu yao. Walijifunza kuisoma kwa upande wa pili. Mshale mfupi ukielekea 7, unatazama namba inayokaa ng'ambo ya duara: ni 1. Saa moja. Ukielekea 2, ng'ambo yake ni 8: saa nane. Nimeona watu ambao hawakupita shuleni hata kidogo wakisoma hivyo bila kusita, kama vile mshale uko na mkia, na mkia ndio unaosema Kiswahili.

Wala hesabu hii si ya kubahatisha. Walikale iko karibu sana na ikweta, kusini yake kwa digrii moja na nusu hivi. Mwaka mzima jua letu linatoka karibu na saa kumi na mbili ya asubuhi, na likikosea ni kwa robo saa hivi. Tena sisi wa mashariki tunafuata saa ya Lubumbashi, si ya Kinshasa ambayo iko nyuma yetu kwa saa moja. Kwa hiyo tukisema saa sita ya mchana, jua liko utosini kweli, dakika chache zikizidi ao kupungua. Kampala, ambao saa zao ziko mbele yetu kwa saa moja, jua lao linafika utosini karibu na saa saba kasoro dakika kumi. Sisemi kwamba tunawapita ndugu wa Uganda. Nasema tu kwamba Kiswahili cha masaa kinakaa hapa Walikale kama mpini ndani ya jembe lake.

Sasa ikaja saa ya namba. Ya kwanza kuuzwa ilikuwa Pulsar, huko Marekani mwaka 1972, yenye namba nyekundu. Ulipaswa kubonyeza kifungo ndipo uone saa, sababu taa zake zilikula batri sana. Halafu zikafuata za kioo cha kijivu kutoka Japani. Ile ya plastiki nyeusi ambayo kila mmoja wetu anaijua, Casio F-91W, ilitoka mwaka 1989, na ndugu zake wa kuigwa wamejaa masoko yetu mpaka leo. Kila namba ndani yake imejengwa na vijiti saba. 8 inawasha vyote saba, 1 inawasha viwili tu. Ni ufundi mzuri sana, naupenda. Lakini namba hizo hazina ng'ambo. Ukiandikiwa 13:00, hakuna duara la kuvuka, hakuna mkia wa kutazama. Ile njia ya wazee imefungwa, na anayebaki nje ni yule asiyezoea kujumlisha na kutoa haraka haraka kichwani.

Mtaniuliza: na shida iko wapi? Mama mkubwa wangu alipewa vidonge vya kumeza kila masaa 12. Kwenye kikaratasi, muuguzi wa kituo kimoja cha afya aliandika: 7h – 19h. Hakuna aliyemweleza kwa mdomo. Mama anajua namba vizuri kabisa, ameuza mawese sokoni maisha yake yote. Akasoma 7, akawa anameza saa saba, baada ya chakula cha mchana. Halafu akangojea saa kumi na tisa. Saa kumi na tisa haipo! Katika Kiswahili masaa yanaishia kumi na mbili. Akaona kwamba kalamu ya muuguzi iliteleza, akaendelea na kidonge kimoja kwa siku, karibu wiki tatu, mpaka siku alipoanguka njiani akitoka shambani na mzigo wa mihogo mgongoni. Mjukuu wake anayesoma sekondari ndiye alimuuliza, “Koko, unakunywaka hii dawa saa ngapi?” Akajibu, “Saa saba, vile waliandika.” Mtoto akashika kichwa.

Mama alipona, tunashukuru Mungu. Toka siku ile nikaacha kuchora nyuso za kupendeza tu.

Watu wanafikiri kazi hii inaanza na rangi. Inaanza na swali: namba gani itakuwa kubwa? Nilichukua daftari ya miraba, ile ya hesabu, na kalamu ya risasi, nikachora kioo mara nyingi, kurasa na kurasa. Hesabu yenyewe si ngumu. Unachukua saa ya mashine, unajumlisha 6, ukipita 12 unatoa 12, na ukipita tena unatoa tena. Saa 7 ya mashine inakuwa 13, unatoa 12, inabaki 1. Saa 19 inakuwa 25, unatoa mara mbili, inabaki 1. Zipo programu za telefone, na zingine za saa za mkono, ambazo zinakubali umpe mashine kanuni kama hiyo, yeye anahesabu mwenyewe kila dakika. Kwa hiyo 1:00 ikawaka kwenye kioo wakati jua linapanda, na kwangu ilikuwa kama kusikia mtu wa nyumbani anaongea ndani ya redio.

Vijana wenzangu wa sokoni hawakufurahi sana. “Iko wapi mila hapa?” Walitaka nichore nyuma ya namba conga, ule usinga ambao Mwindo alizaliwa nao mkononi, vile alivyosimulia Shé-kárisi Candi Rureke mwaka 1956 na vile ilivyochapwa mwaka 1969 na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mtoto wa Banyanga. Mwingine akataka barakoa ndogo ya Balega, ile ya mbao yenye ndevu za nyuzi. Nilikataa zote mbili. Barakoa ile ni kitu cha Bwami, iko na daraja lake na watu wake wa kuionyesha; si ya kuwekwa juu ya telefone iingie nayo baa. Na conga nzuri namna gani, ikikaa nyuma ya 19:00, inabaki picha. Mtu wa Kinshasa, wa Brussels, wa Beijing anaweza kuiweka vilevile. Mila yetu katika jambo hili iko ndani ya hesabu, pale siku inapoanza. Kama hesabu imeondoka, usinga utafukuza nzi gani?

Shida kubwa zaidi ilikuwa maneno. Saa moja ni ya asubuhi ao ya mangaribi? Kwa mdomo tunasema tu, lakini kioo ni kidogo. “Usiku” linaingia vizuri, herufi tano. “Mangaribi” ni herufi tisa, linasukuma namba pembeni. Nilijaribu kulikata, likawa “mang.”, mama mkubwa akauliza ni jina la nani. Nikajaribu alama: duara lililojaa kwa mchana, duara tupu kwa usiku. Akacheka. “Mwanangu, kama ni usiku naona giza.” Alikuwa na haki, lakini saa ya kuamsha mtu kabla ya mapambazuko haiwezi kutegemea hilo. Tena wazee niliowauliza hawakupatana. Saa kumi, kabla ya jogoo kunyamaza, wengine wanasema ni ya usiku, wengine ya asubuhi, na mmoja alisema inategemea kama umeamka kwa kusafiri ao umeamshwa na mgonjwa. Mwishowe nikaweka neno chini ya namba, si pembeni yake, kwa herufi nyembamba. Mangaribi likapata nafasi yake yote.

Na chini kabisa, kwa rangi ya majivu, nikaweka saa ya Kifaransa: 19h. Hapo ndipo ubishi ulipokuwa mkali. Mwalimu mmoja, mtu ninayemheshimu, alisema nimeharibu: ao tunashika yetu, ao tunashika yao. Mimi naona sivyo. Kikaratasi cha dawa kitaendelea kuandikwa 19h, na ndege haitangoji mtu anayehesabu toka jua kutoka. Mama akishika kikaratasi chake anatafuta chini namba inayofanana, halafu anapandisha macho: saa moja, mangaribi. Yetu ni kubwa, yao ni ndogo, na zote mbili zinaonekana. Ndiyo ile ng'ambo ya duara iliyopotea, imerudi kwa kusimama badala ya kuzunguka.

Rangi nilimaliza haraka. Nyuma ni nyeusi tupu, sababu kwenye vioo vya siku hizi vinavyojiwakia vyenyewe, sehemu nyeusi haiwaki na haili batri, na hapa kwetu kuchaji telefone ni pesa. Namba ni nyeupe na nene, zisomeke juani.

Siku za juma zilinichukua muda zaidi kuliko nilivyofikiri. Telefone ikiwekwa Kiswahili inaandika Jumatatu, Jumanne, kwa hesabu ya pwani inayoanzia Jumamosi. Hapa Jumatatu yao ni siku ya kwanza, na mtoto akiona “tatu” anadhani ni siku ya tatu. Kwa hiyo nikaandika yetu: siku ya kwanza, ya pili, mpaka siku ya posho na siku ya Mungu. Posho ni neno la wakati wa makampuni, wafanyakazi walipogawiwa chakula chao cha juma. Si neno la furaha sana, lakini limekuwa letu. Tarehe niliiondoa kabisa. Mashine inageuza tarehe saa sita ya usiku, watu wamelala, na hakuna mzee aliyekubali kwamba siku mpya inaweza kuingia namna hiyo kama mwizi. Waislamu wa pwani wanaianza jua likizama. Wa kwetu wengi walisema inaanza kunapopambazuka. Lakini mtoto akizaliwa saa nane ya usiku, ofisi ya serikali inamwandika kwa tarehe ya mashine, na sitaki uso wangu wa saa ubishane na cheti cha kuzaliwa.

Leo hii sura hiyo iko kwenye telefone kumi na kitu hapa sokoni. Mchuuzi mmoja wa madini aliiondoa baada ya siku mbili, anasema maisha yake yote ni ya masaa ya ndege. Mama mkubwa anayo kwenye telefone ya zamani ya mjukuu wake, kioo kimepasuka kwenye pembe, na dawa anameza mara mbili. Lakini ameniletea lawama mpya: dakika zinabadilika mno, hawezi kusema “saa mbili na dakika ishirini na tisa” kwa mtu, ni kama unamkemea. Anataka iandike robo, nusu, kasoro robo, basi. Nimefungua daftari upya. “Kasoro robo” ni herufi kumi, na nafasi iliyobaki ni ya sita.