Mama, mikono yangu iko salama

Huku Birmingham baridi imeanza kubana na zamu za usiku zinaendelea. Mimi mzima, namshukuru Mungu.

Tangu niwatumie ile picha nimevaa vazi jeupe la mazoezi na mkanda wa bluu, simu haziishi. Kaka anacheka, shangazi anauliza kama nimeingia jeshini, na mama ana swali moja tu: ukivunjika mkono, ada ya mdogo wako nani atalipa? Swali la haki kabisa. Nesi ni mikono na mgongo. Basi leo namjibu mbele yenu wote.

Kwanza, hii siyo ile mieleka ya kwenye televisheni ya kupigana viti. Ni jujitsu ya Kibrazili, mtoto wa judo. Judo aliianzisha Mjapani Jigoro Kano mwaka 1882, na jina lenyewe maana yake ni njia ya upole. Mitsuyo Maeda, aliyefunzwa katika shule hiyo, alifika Brazili mwaka 1914, na huko familia ya Gracie ikajifunza na kuufanya mchezo wa kupambana chini sakafuni. Hakuna ngumi wala teke. Ukizidiwa unagonga kwa kiganja, mwenzio anaachia papo hapo. Si wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani?

Sasa mama, sikiliza hapa. Kinachoumiza watu wengi ni ukaidi. Mmoja kashika hataki kuachia, mwingine anavuta kwa nguvu zote, na kiungo kiko katikati. Ndiyo maana siku hizi mazoezi yangu mengi ni ya kutiririka. Tunakubaliana kutumia nguvu kidogo tu, halafu hakuna kung'ang'ania. Mlango ukifungwa, unapita mwingine.

Mfano: niko chini chali, miguu yangu imemzunguka kiunoni. Naketi ghafla nimpindue kwa nyonga. Akiweka kiganja chini nyuma yake asianguke, mkono huo huo naukamata na kuuzungusha kuelekea mgongoni. Akiurudisha na kunisukuma, kichwa chake kimekuja mbele, basi shingo ndiyo hiyo. Sijatumia nguvu mara tatu, nimefuata tu anakokwenda. Na yeye akinipita akanilalia ubavuni, simsukumi kama gunia. Naweka mkono kati yetu, nasogeza nyonga, napata nafasi, tunaendelea.

Kipimo changu ni pumzi. Nikijikuta nimebana pumzi, najua nimeanza kulazimisha, basi nalegeza. Na mkono ukikaribia kunyooka, nagonga mapema, sisubiri maumivu.

Utashangaa mama, hata wodini inanisaidia. Sizungumzii kumkaba mgonjwa, jamani! Lakini wapo wazee waliopoteza kumbukumbu, wakiamka usiku hawajui wako wapi, wanakushika mkono kwa hofu kama koleo. Ukivuta, wanabana zaidi, na ngozi yao laini inachanika. Mimi nasogea karibu, mkono naulegeza, naongea taratibu kama na bibi, nampa kitambaa ashike. Vidole vinafunguka vyenyewe.

Siwezi kukuahidi kwamba sitaumia kamwe, mchezo ni mchezo. Ila nachagua wa kucheza naye, wale wenye papara nawapa mkono wa salamu tu, na mashindano sijiandikishi. Saa hizo mbili kwa wiki ndizo zinazonitoa mawazo ya zamu na upweke wa huku. Bila hizo, mngekuwa na nesi mwenye mikono mizima na moyo uliochoka.

Mdogo wangu, ada ya muhula huu nimeshatuma, soma kwa bidii. Shangazi, sijaingia jeshini. Mnisalimie bibi, mwambieni nampigia Jumapili baada ya ibada.