Kumbe Ilikuwa Tayari Kwangu Tu

Nyumbani tuna laptopu moja ya mtumba na tuko wanne. Kila mtu nilimfungulia akaunti yake ya Windows, maana dada yangu ana maandishi yake na hataki mtu ayaguse. Ni haki yake.

Juzi alikuwa na usaili wa skolashipu kwa video. Programu ya mikutano nilikuwa nimeiweka mimi, nikamwambia, "Usijali, iko tayari." Saa ilipofika akafungua akaunti yake: hakuna kitu. Akaanza kuipakua upya, bando likakata katikati. Akanitazama, akasema, "Kaka, kumbe uliweka yako." Jirani akatuazima hotspoti, dada akaingia kwa akaunti yangu, amechelewa dakika 10.

Usiku nikachunguza. Programu nyingine hukaa kwenye folda ya Program Files, hizo kila akaunti inaziona. Nyingine huingia ndani ya folda ya mtu mmoja, kwenye AppData, na wengine hawazipati. Basi nikaiondoa, nikaiweka upya kwa ruhusa ya msimamizi, ile ya watumiaji wote. Sasa sote tunaifungua, na faili za kila mtu zimebaki zake.

Majibu ya usaili bado tunangoja. Lakini wewe usiseme "iko tayari" kwa sababu kwako inafunguka. Mwambie mwenzako aingie kwenye akaunti yake, muijaribu pamoja kabla ya siku yenyewe.