Balei Namuwongo: Mtoto Afunzwe kwa Hatua

Wazazi wengi walisikiapo neno balei, fikira zao huenda mbali. Huliona jumba kubwa la Ulaya, na msichana aliyevaa sketi nyeupe iliyotandazika kama ua, amesimama juu ya ncha za vidole vya miguu. Ni nadra mtu kuikumbuka Namuwongo.

Namuwongo ni mtaa wa Kampala ulioko bondeni, chini ya vilima vya Kibuli na Muyenga. Reli hupita kando yake, na mfereji wa Nakivubo huchukua maji ya jiji kuelekea Ziwa Viktoria. Mvua kubwa inyeshapo, maji huingia majumbani. Juu Muyenga yapo makao ya wenye nacho. Chini bondeni familia nzima huweza kulala chumba kimoja. Hata hivyo, shule ya balei ya mtaani haihitaji kasri. Huhitaji chumba, mwalimu aijuaye kazi yake, na wazazi wenye subira. Hilo la tatu ndilo adimu, na kulikosa kwaweza kumgharimu mtoto miguu yake.

Si mchezo wa wasichana peke yao

Baba akiwa askari, huenda akakunja uso mwanawe wa kiume atakapo kujifunza ngoma hii. Yafaa ajue asili yake. Balei ilikulia katika nyumba za wafalme wa Italia na Ufaransa. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, aliyepigana vita vingi, alikuwa mchezaji hodari, na mwaka 1661 alianzisha chuo cha ngoma mjini Paris. Wanawake wenye kuifanya kazi hiyo kwa ujira hawakupanda jukwaa kuu la Paris hadi mwaka 1681. Kabla ya hapo hata sehemu za wanawake zilichezwa na wanaume. Basi kijana asichekwe. Ngoma hii humtaka awe na mgongo ulionyooka, mapaja yenye nguvu na pumzi ya kutosha, mambo ambayo hakuna kambi inayoyadharau.

Kama kuruta uwanjani

Kilimani Kibuli, jirani na Namuwongo, askari polisi wa Uganda wamefunzwa kwa miaka mingi. Kila aliyepita katika mafunzo kama hayo anajua kuwa kuruta hakabidhiwi bunduki siku ya kwanza. Kwanza hufundishwa kusimama, kisha kugeuka, kisha kwenda kwa hatua. Balei nayo ni hivyo hivyo. Mwanafunzi hushika fito iliyofungwa ukutani usawa wa kiuno, na pasipo na fito hushika mgongo wa kiti. Hukunja magoti polepole na kuyanyoosha. Huuburura mguu mmoja mbele mpaka vidole vichongoke, akaurudisha. Ipo mikao mitano ya miguu, iliyopangwa Ufaransa katika karne ya 17, nayo hufundishwa vilevile hadi leo, iwe London au Nairobi. Mambo hayo hurudiwa wiki kwa wiki, mwaka kwa mwaka. Mgeni akichungulia dirishani ataona kama hakuna lifanyikalo. Kumbe hapo ndipo mwili unapojengwa.

Haraka ya watu wazima

Hatari huja watu wazima wanapotaka kuona matunda kabla ya wakati. Wahenga walinena, samaki mkunje angali mbichi. Lakini hata samaki mbichi akikunjwa kwa nguvu huvunjika. Mambo matatu yaangaliwe.

Kwanza ni kugeuza miguu nje. Mgeuko huo hutoka kwenye nyonga. Mtoto akilazimishwa kuzipeleka nyayo nje kupita nyonga zinavyoruhusu, goti ndilo linalosokotwa, na maumivu yake hudumu.

Pili ni sakafu. Majumba ya balei huwa na sakafu ya mbao iliyoachiwa nafasi ya hewa chini yake, ili ipokee kishindo. Sakafu ya saruji haipokei kitu. Kishindo hurudi mundini na magotini. Mahali penye saruji tupu, mwalimu mwenye busara hupunguza kuruka na kuzidisha mazoezi ya kushika fito. Soksi tupu nazo huteleza. Afadhali miguu mitupu.

Tatu ni viatu vyenye ncha ngumu, ambavyo kila msichana huviota. Mifupa ya mguu wa mtoto haijakomaa. Walimu waangalifu hawaruhusu viatu hivyo kabla ya miaka 11 au 12, na hata hapo ni baada ya miaka kadhaa ya mafunzo ya mfululizo. Mtoto wa miaka 8 akivalishwa ili wageni wampige picha, wageni huondoka na picha, naye hubaki na mguu.

Mfano wa jirani

Wazazi wa Kampala wanao mfano wa karibu nchini Kenya. Katika mtaa wa Kibera, Nairobi, mwalimu Michael Wamaya amewafundisha balei watoto wa shule, na mwaka 2017 alikuwa miongoni mwa walimu 10 waliofika hatua ya mwisho ya tuzo ya kimataifa ya walimu. Kijana Joel Kioko, aliyekulia mtaa wa Kuwinda jijini humo, alianza katika darasa la shule ya serikali ambamo madawati yalitolewa nje kwanza ili ipatikane nafasi. Hakukuwa na kioo wala fito. Desemba 2016, akiwa na miaka 16, alicheza peke yake jukwaani Nairobi, na baadaye akaenda London kusoma katika shule ya English National Ballet. Tangu siku ya madawati hadi jukwaa lile ilipita takribani miaka 5.

Hata hivyo, mzazi asimpeleke mtoto kwa tamaa ya ndege ya London. Wafikao huko ni wachache mno. Wengi watabaki nyumbani, nao watakuwa wamepata mwili wenye afya, usikivu, na mazoea ya kusahihishwa bila kununa.

Kazi ya nyumbani

Mtoto asiende mazoezini na njaa. Maharagwe, karanga, mboga za majani na dagaa, ambao Kampala huitwa mukene, vyatosha kumjenga. Msichana asinyimwe chakula ili awe mwembamba. Mfupa wenye njaa huvunjika upesi. Siku ya mazoezi kazi za kuteka maji zigawanywe, kaka naye ashike ndoo.

Usalama nao usisahauliwe. Mwalimu wa balei hulazimika kumgusa mwanafunzi anapomsahihisha mgongo au mguu. Kwa hiyo mlango uwe wazi, awepo mtu mzima mwingine, na mzazi awe huru kuingia wakati wowote. Mwalimu mwema hatachukia. Giza likiingia, mtoto apokewe njiani.

Wala isidhaniwe kuwa balei imekuja kuifukuza bakisimba ya Waganda au larakaraka ya Waacholi. Mtoto aliyezoea kuusikiliza mwendo wa ngoma za kwao huja na sikio lililokwisha kufunzwa. Aendelee nazo zote.

Mzazi atakaye kujua kama mwanawe yuko mikononi salama asiulize onyesho ni lini. Na aulize mtoto amefundishwa nini wiki hii, na kama goti linamuuma. Likiuma, apumzike mpaka lipone, fito itamngoja.