Koti la baba: Harufu humjengea mtoto kumbukumbu kabla hajajua kusoma

Mvua ya kwanza inapoangukia ardhi kavu ya Shinyanga kuelekea mwisho wa mwaka, aliyekulia huko haambiwi kuwa msimu umebadilika. Harufu ya vumbi lililolowa humfikia kabla ya tone la pili. Hata kama ana miaka 20 mjini, kwa dakika moja yuko tena zizini kwa babu, miguu peku, anasikia ng'ombe wakirudi.

Mwingine hurudishwa nyumbani na mvuke wa matobolwa yanayochemka chunguni. Mwingine ni mashudu ya pamba, au moshi wa kuni uliokolea kwenye kanga ya bibi. Machozi humlenga, na akiulizwa analia nini, hana jibu la haraka.

Si udhaifu, wala si ushirikina. Ni namna ubongo ulivyoumbwa.

Njia ya mkato

Mtu anaponusa, chembe za harufu huingia puani na kugusa vipokezi vilivyo juu kabisa ya tundu la pua. Binadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi hivyo. Jeni zinazovitengeneza zilielezwa mwaka 1991 na wanasayansi wa Marekani, Linda Buck na Richard Axel, na kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2004.

Taarifa za macho, masikio na ngozi hupitia kwanza kituo cha ubongo kiitwacho thalamasi, ndipo zisambazwe. Harufu haisubiri hapo. Kutoka puani hufika haraka kwenye amigdala, inayoshughulika na hisia kama hofu, na kwenye hipokampasi, inayosaidia kutunza kumbukumbu. Ndiyo maana moyo huanza kwenda mbio, pumzi hubadilika au mate hujaa mdomoni kabla mtu hajatambua ananusa nini.

Kwa wazazi, kuna jambo jingine la kuzingatia. Mwaka 2006 watafiti wa Sweden, Johan Willander na Maria Larsson, waliwapa wazee maneno, picha na harufu, kisha wakawauliza wanakumbuka nini. Maneno na picha viliwarudisha zaidi kwenye ujana, kati ya miaka 11 na 20. Harufu ziliwarudisha nyuma zaidi, kwenye utoto wa chini ya miaka 10.

Kwa hiyo ghala hilo hujazwa mapema, mtoto akiwa bado anacheza uani. Hata mtoto mchanga ameshaanza. Mwaka 1975 daktari wa Uingereza, Aidan Macfarlane, alionyesha kuwa watoto wenye umri wa siku chache tu hugeuza kichwa zaidi upande wa kitambaa chenye harufu ya ziwa la mama yao kuliko cha mama mwingine.

Koti lililofuliwa

Kwenye ukanda wa dhahabu, baba wengi hawalali nyumbani. Familia moja ya Kahama inaishi hivyo. Baba ni mchimbaji mdogo upande wa Rwamgasa, mkoani Geita, na hurudi kila baada ya wiki tano au sita. Binti yao wa miaka minne alizoea kulala na koti la kazi ambalo baba aliliacha nyuma ya mlango. Lilinuka dizeli, jasho na moshi.

Siku moja mama alilifua. Usiku ule mtoto alilinusa, akalisukuma. "Mama, hili si la baba," alisema, na akalia mpaka usingizi ukamshinda. Hali ilikuwa hivyo usiku wa pili na wa tatu.

Mtoto hakuwa anadeka. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Canada, wakiongozwa na Marlise Hofer, waliwanusisha wanawake 96 fulana zilizovaliwa, kisha wakawapa jaribio la kuwatia wasiwasi. Walionusa fulana ya mwenzi wao walijisikia watulivu zaidi. Kwa walionusa ya mwanamume wasiyemjua, kotisoli, homoni inayopanda mtu anapokuwa na msongo, ilikuwa juu zaidi. Utafiti huo ulikuwa wa watu wazima, lakini kila mama aliyewahi kumwachia mtoto kanga yake anapokwenda sokoni anaelewa jambo lenyewe.

Baba aliporudi, alikuja na habari nyingine. Kule machimboni walikuwa wameelimishwa kuhusu zebaki: nguo inayovaliwa mialoni na wakati wa kuchoma dhahabu haifai kuingia nyumbani, kwa sababu zebaki hunasa kwenye kitambaa.

"Baba watoto, ukimnyang'anya hilo koti hatutalala humu ndani," mama alimwambia.

"Bora alie wiki moja, mama," baba alijibu. "Hiki kitu hakinuki. Sisi wenyewe hatukijui kipo."

Pua haioni kila kitu

Baba huyo alisema kweli. Mchimbaji anapochoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki, zebaki hugeuka mvuke usio na rangi wala harufu. Ukivutwa, huingia kwenye damu na kufika kwenye ubongo na figo. Watoto na mimba zilizo tumboni ndio walio hatarini zaidi, kwa kuwa ubongo wao bado unajengeka. Pua inayoweza kumrudisha mtu miaka 40 nyuma haiwezi kumwonya kuhusu sumu hiyo.

Hapo ndipo penye mtego. Mtoto huitafuta harufu ya mzazi kwa sababu inampa amani, na kilicho salama na kisicho salama vinaweza kukaa kwenye koti moja.

Wazazi wale walipatana. Koti lilirudi machimboni na halikuletwa tena. Baba alilala siku mbili na shati la nyumbani, akaliacha bila kufuliwa. Usiku wa kwanza mtoto alilikataa, kwa sababu halikunuka dizeli. Wiki ya pili alikuwa analiburuza mpaka uani.

Harufu inayoumiza

Njia hiyo hiyo ya mkato hubeba na machungu. Mjane ambaye mumewe alifukiwa na duara anaweza kutetemeka akinusa baruti au udongo mbichi, hata akiwa sokoni. Mtoto aliyechomwa sindano huanza kulia mlangoni mwa zahanati, mara tu dawa ya kusafishia inapomfikia puani. Kumwambia "acha ujinga" hakusaidii, maana mwili umeshakumbuka kabla ya akili.

Kinachosaidia ni kumtaja mtoto anachohisi, kumshika mkono, na kumpeleka mahali pale siku nyingine isiyo ya sindano ili harufu ipate kumbukumbu mpya. Kwa mtu mzima anayekosa usingizi au kuishi na hofu baada ya ajali, inafaa kumwona mhudumu wa afya.

Mzazi afanye nini?

Dhahabu isichomwe jikoni, chumbani wala karibu na watoto. Wanaochoma watumie chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke. Nguo za kazi zivuliwe na kuachwa kazini, na zisifuliwe kwenye beseni moja na za watoto. Anayetetemeka mikono au kusahau sana bila sababu apelekwe hospitali, na daktari aambiwe kuhusu zebaki.

Mzazi anayekwenda mbali aache kitu safi alichokivaa nyumbani, shati au kanga, na wanaobaki wasiwe na haraka ya kukifua. Anapokuwepo, ampe mtoto kazi ndogo jikoni: kuchambua dagaa, kupepeta mtama, kukaa karibu na chungu cha michembe ya karanga. Havina gharama, na ndivyo mtoto huyo atakavyomkumbukia mzazi wake akiwa na miaka 60.