Mwaka Bunga Ilipomeza Mboga

Namshukuru Mungu kwanza. Baada yake nazishukuru karanga, na anayetaka kucheka acheke. Mimi ni mjane wa Kikula, hapa Likasi, nauza makala ya kupikia na nyanya mbele ya nyumba. Nimeombwa kushuhudia jinsi nilivyotoka katika huzuni iliyotaka kunimaliza, nami nitaanzia jikoni, maana huko ndiko sehemu yake kubwa ilikopitia.

Mume wangu alifariki baada ya kuugua kwa muda mrefu. Wakati wa kilio hakuna anayelala njaa: ndugu wanaleta bunga, wenzetu wa kanisa wanaleta maharagi, wamama wa mtaa wanapika uani kwa masufuria makubwa. Kisha viti vikarudishwa vilikokodiwa, watu wakaaga, nikabaki na watoto wanne na deni la dawa.

Mwaka uliofuata ulikuwa 2024, na mtu wa Katanga hahitaji kuelezwa. Sehemu kubwa ya mahindi na bunga tunayokula hutoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Ukame uliipiga nchi hiyo hadi rais wake akautangaza kuwa janga la taifa mwishoni mwa Februari, na kwetu bei ya bunga ikapanda. Bei ikipanda hivyo, mama hapunguzi bukari, ugali wetu, kwa sababu bukari ndiyo inayonyamazisha watoto. Anapunguza mboga. Kwetu samaki walitoka kwanza, maharagi yakafuata, karanga nazo zikapotea kwenye sombe, yale majani ya muhogo ya kutwanga. Mwishowe tulikuwa na majani ya lengalenga ya kuchemsha kwa maji na chumvi, na siku nyingine chumvi bila lengalenga. Asubuhi ilikuwa chai yenye sukari nyingi, basi. Kilichopatikana niliwapa watoto, mimi nikala kilichoganda sufuriani.

Machozi ya msiba yalikuwa yameanza kupungua. Kilichokuja baadaye kilikuwa kitu kingine. Niliamka usiku wa manane na usingizi haukurudi. Mchana mwili ulikuwa mzito, nikipanda kilima kidogo tu moyo unadunda hadi shingoni. Kuoga kulinishinda. Mteja akiuliza bei ya makala, nilimwona kama amekuja kugombana. Nyimbo za kwaya nilizozipenda zikawa kelele. Jioni moja niliwaza kwamba watoto wangepata nafuu kama nisingekuwepo. Nalisema hili wazi kwa sababu wapo wanaoliwaza leo na wanaona haya kulitamka.

Majirani walikuwa na maelezo tayari. Wengine walisema ni bulozi wa upande wa mume, wengine wakasema marehemu ananiita. Katika chumba kimoja cha maombi niliambiwa nifunge, nikafunga. Mtu aliyepungukiwa na damu akifunga haoni malaika, anaona giza akisimama.

Siku niliyoanguka sokoni, yaya yangu, ndugu yangu mkubwa, alinipeleka kituo cha afya. Muuguzi alivuta kope langu la chini, akatazama viganja, akaagiza nipimwe damu. Tukingoja majibu akaniuliza:

“Mama, ku nyumba munakulaka nini?”

“Bukari, munganga.”

“Na mboga?”

“Lengalenga, kama iko.”

“Samaki? Maharagi? Karanga?”

Nilinyamaza. Akaniuliza ninalalaje, ninalia mara ngapi, kama nimewahi kuwaza kufa. Hadi siku ile hakuna aliyekuwa ameniuliza habari za sufuria na za moyo katika mazungumzo yale yale. Majibu ya damu yalipotoka akasema, “Mama, hauko na bazimu. Damu yako njo ilipunguka. Na kilio yako haiyaisha.”

Alinipa vidonge vya chuma na asidi foliki, akanitaka nirudi mara kwa mara tuzungumze. Halafu akaniandikia mboga kwenye karatasi kama anavyoandika dawa: karanga za kutwanga ndani ya sombe, maharagi, samaki wadogo wakavu, waliwe na kichwa na mifupa, viwavi wa finkubala msimu wao ukifika, ndimu kidogo juu ya majani, kwa kuwa husaidia mwili kupokea chuma. Chai isinywewe pamoja na chakula, maana huzuia chuma hicho hicho. Na pombe ya lutuku, ambayo wajane wengi huinywa ili walale, nisiiguse: usingizi wake ni mfupi, na asubuhi yake ni nzito kuliko jana.

Fedha nilizitoa kwenye sukari. Nilichokuwa nikitumia kutia utamu kwenye chai kilitosha kununua gilasi ya karanga, na gilasi hiyo ikitwangwa inatosha sufuria ya watu watano.

Binti yangu mkubwa anasomea uuguzi, na ndiye aliyenieleza mengine tukitwanga sombe. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliishi kwa mgawo wa mahindi. Karanga zilipokosekana kwenye mgawo ule, zaidi ya watu 17,000 waliugua pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini. Mahindi yanayo vitamini hiyo, ila huifungia ndani mwili usiipate. Karanga huitoa kwa wingi. Pelagra huchubua ngozi, huharisha, kisha huvuruga akili: mgonjwa hukosa usingizi, huhuzunika, husahau. Mimi sikuwa nayo, ngozi yangu ilikuwa salama. Lakini hapo nilielewa kwamba akili nayo inakula.

Akanisimulia pia habari za Marekani. Kati ya 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mtafiti Ancel Keys aliwachukua vijana 36 wenye afya waliokubali kuishi nusu njaa kwa miezi sita. Wengi walinuna, wakakosa hamu ya kukaa na wenzao, wakawa na hasira na huzuni. Hawakuwa wajane, wala hakuna shangazi wa upande wa mume aliyewaroga.

Na mwaka 2017 huko Australia, timu ya mtafiti Felice Jacka ilitoa matokeo ya utafiti wa watu 67 wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Wengi wao walikuwa tayari kwenye matibabu. Kundi moja lilisaidiwa kula mboga, jamii ya maharagi, samaki na jamii ya karanga kwa wingi; lingine lilipewa mtu wa kuzungumza nalo. Baada ya wiki 12, karibu theluthi ya kundi la chakula walikuwa wametoka kwenye sonona, na katika kundi la pili 8 kwa mia. Binti yangu hunikumbusha kwamba utafiti huo ni mdogo, na kwamba chakula kilitembea pamoja na tiba, hakikuifukuza.

Kwangu nguvu za miguu zilirudi kwanza, usingizi ukafuata, ugomvi na wateja ukaisha mwisho. Mume wangu bado namlilia. Tofauti ni kwamba sasa namlilia, kisha nanawa uso na kwenda sokoni.

Niongeze jambo moja kuhusu mboga zenyewe hapa Likasi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi mno mwilini. Kwa hiyo bustani yangu ya matembele naiweka mbali na maji ya viwandani, na majani nayaosha vizuri kabla ya kuyapika.

Wamama wa likelemba yetu, chama chetu cha kuchangiana fedha, sasa tunanunua gunia la karanga pamoja na kugawana. Tumekubaliana pia juu ya kilio: watu wakishaondoka, ndipo zamu zetu zinapoanza. Kila mama ana siku yake ya kumpelekea mfiwa chakula chenye mboga, na haweki sahani mlangoni na kuondoka. Anakaa, anakula naye, anamwuliza analalaje. Mfiwa akisema amechoka kuishi, tunamfikisha kituo cha afya siku hiyo hiyo, na ikibidi tunachanga nauli ya kwenda Lubumbashi, kwenye kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain. Maombi hatujayaacha. Ila sasa tunaomba tukiwa tumekula.