Kompyuta Ndogo ya Unyambwa



Likizo iliyopita sisi mafrateri watatu tulikuwa Unyambwa, Singida, kwa kazi za kichungaji. Asubuhi tulitembelea wagonjwa; jioni vijana wa kigango walitaka kufundishwa kompyuta. Tulikuwa na Raspberry Pi moja tu, ile kompyuta ya Uingereza iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, ambayo ukubwa wake ni kama wa kitambulisho. Mfumo endeshi wake hukaa kwenye memori kadi, kama ile ya simu. Ukibadilisha kadi, umebadilisha kompyuta.

Kadi ya kwanza ilikuwa na Linux. Ya pili tuliiwekea RISC OS, mfumo ambao hata sisi tulikuwa tunaujifunza. Ulitoka mwaka 1987 katika kampuni ya Acorn, Cambridge, ambako pia ilizaliwa chipu ya ARM, ambayo vizazi vyake vimo karibu katika kila simu inayopita sokoni Singida. Tangu 2018 programu yake ni huria: yeyote anaweza kuisoma, kuirekebisha na kuigawa.

Siku za kwanza tulihangaika. Juu ya dirisha hakuna menyu. Unabonyeza kitufe cha kati cha kipanya, nayo inatokea pale pale ulipo. Kuhifadhi faili ni kuikokota kwa mkono hadi kwenye folda. Vijana walizoea kabla yetu, maana hawakuwa na mazoea ya zamani ya kusahau. Menyu ni za Kiingereza, basi wakazitafsiri wenyewe daftarini. Kazi hiyo ina watangulizi: mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili.

Kilichotuvutia zaidi ni hiki: bonyeza F12, andika BASIC, bonyeza Enter, na lugha ya kuandikia programu inakungoja. Haihitaji intaneti wala kupakua kitu. Wiki ya pili msichana wa kidato cha pili aliandika mistari minane ya kujumlisha michango ya jumuiya yake. Akakosea, akasahihisha, akapata jumla ile ile ya daftari la mhazini. (Mhazini alihesabu tena kwa kalamu. Alifanya vyema.)

Katekista hakuridhika. “Mafrateri, mkisharudi seminari, hiki kidude kikigoma nani atakifungua?”

Swali lilikuwa zito. RISC OS ina udhaifu wake: programu moja ikikwama inaweza kuzikwamisha nyingine zote, na kwa intaneti ya leo ni dhaifu. Tukakubaliana kwamba hesabu za kigango zibaki kwenye daftari na kwenye kadi ya Linux. RISC OS iwe ya kujifunzia, kwa kuwa ni ndogo kiasi kwamba kijana mvumilivu anaweza kuielewa hadi ndani. Kule Karatu shirika la Powering Potential limepeleka Raspberry Pi mashuleni kwa umeme wa jua, kwa hiyo mashine hizi kukaa vijijini si ndoto.

Jioni ya mwisho tulimwachia yule msichana kisoma kadi na kadi mbili tupu. Alinakili mifumo yote miwili mbele ya katekista, akaichomeka nakala ya RISC OS, akawasha. Katekista akaomba aonyeshwe tena, polepole, naye akiandika hatua moja moja.